Mpira Unaojikunja Wenyewe na Mzee Nikodemu

Kabla sijakabidhi funguo za stoo ya bustani, mmoja wenu aliniuliza ni nani aliyechagua ile mashine ya kukunja mpira wa maji iliyofungwa kwenye nguzo, nyuma ya nyumba ya kina mama wajawazito. Nikamjibu kwamba ni mimi. Akauliza, "Uliichaguaje?" Nikakabidhi funguo, nikaondoka. Sasa nimekaa nyumbani, miguu juani, na jibu fupi bado sijalipata. Basi hili hapa ndilo refu.

Niliajiriwa nikidhani nimeajiriwa kufua. Hospitali yetu ni ya misheni, iko nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, na habari iliyonifikia nyumbani ilisema masista wanatafuta mwanamke mwenye mikono yenye nguvu. Mwanamke, mikono, nguvu: nikajua ni mashuka. Nikaja na kanga ya kujifunga kiunoni na mche wangu mwenyewe wa sabuni, waone kwamba nimekuja na nia. Getini nilipokelewa na mzee mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya sufu iliyokaa kana kwamba imeota kichwani. Hakuniuliza jina. Alinipeleka moja kwa moja hadi kwenye rundo la mpira lililolala juu ya majani yenye umande, akasema, "Shika huo mwisho."

Nikashika. Yeye akachukua mwisho mwingine, akaanza kutembea. Alipofika mbali akageuka, akanipungia mkono kana kwamba anafukuza kuku. Sikujua kama ananiita, ananifukuza, au anataka nivute. Nikavuta. Alikuwa anataka niachie. Siku nzima ilikwenda hivyo. Jioni nikajikaza nikamuuliza, "Baba, nguo nitaanza kufua lini?"

Akauliza, "Nguo gani?"

Hadi leo sijui kama nafasi ya kufua ilikuwapo nikaporwa, au haikuwapo kabisa. Nilikwenda nyumbani na sabuni yangu, kesho yake nikarudi bila sabuni. Huyo mzee alikuwa Mzee Nikodemu, mtu wa kijiji cha Mollo, mkulima wa mahindi na ulezi kwa kuzaliwa, mtunza bustani kwa ajira, na ndiye mwalimu wangu tangu siku hiyo.

Mkiona mtu anasifiwa kwa kutunza bustani mnafikiri anajua maua. Huku kwetu Ufipa, kuanzia mvua zinapokatika hadi zinaporudi, kazi ya bustani ni kuburuta mpira. Upepo unakausha udongo kabla hujamaliza kuulowesha. Asubuhi za baridi mpira unakuwa mgumu kama fimbo, na ukiukunja kwa nguvu unakatika palepale ulipoukunja. Mzee Nikodemu alinifundisha kuuacha kwanza upate jua, kisha kuufungulia maji kidogo ili ulainike, ndipo uanze kuuvuta. Alinifundisha kupigilia kigingi penye kona ili usikwaruze miche. Alinifundisha kuukung'uta maji yote kabla ya kuutundika, na kuutundika kwenye rimu kuukuu la gari, kamwe si kwenye msumari, maana msumari huubana mahali pamoja mpaka ukapasuka.

"Mche ukifa utapanda mwingine," alisema. "Mpira ukipasuka Agosti, utakauka wewe."

Alikuwa hapendi maneno mengi. Alikuwa na sheria moja tu aliyoirudia: kila kitu kilale kilipoamkia. Jembe kwenye kona yake, keni ya kumwagilia chini ya koki, mpira kwenye rimu, rimu kwenye ukuta wa jiko. Ukiazima panga ukalirudisha upande wa pili wa mlango, hakukukemea. Alilichukua tu na kulihamishia mahali pake, wewe ukiona, nawe unajiona mjinga siku nzima.

Miaka ilikwenda. Sitaeleza nani alikuwa mkubwa wa nani na lini, hayo hayamwagilii kitu. Nakumbuka zaidi waridi alizoleta sista mmoja kutoka ng'ambo, zikakataa kuota kila mahali tulipozipenda, kisha zikaota zenyewe nyuma ya vyoo na kunawiri kwa namna ya kuudhi. Nakumbuka ua wa michongoma ambao kila msimamizi mpya aliamuru ung'olewe na kila aliyemfuata aliamuru upandwe. Sikuwahi kuelewa. Mzee Nikodemu alisema tusiung'oe mizizi, tukate juu tu, tungoje msimamizi anayefuata. Ikawa hivyo.

Kisha yakaanza mambo ambayo sikuyaelewa kwa namna nyingine.

Siku moja nilimkuta anamwagilia kitalu cha kabichi ambacho alikuwa amekimaliza muda si mrefu. Maji yanasimama. Nikamwambia, "Baba, hapo umeshapita." Akasema, "Nani kapita?" Nikadhani ananitania, ingawa tangu nimjue hakuwahi kunitania. Siku nyingine alitoka kwenda stoo kuchukua reki, akarudi na ufagio, akakaa akiutazama. Halafu akaanza kuacha mpira njiani. Mzee Nikodemu! Mtu wa rimu na ukuta! Anaufungulia maji, anasogea, anaona jani lililoanguka, analifuata hilo jani, na mpira unabaki umekatiza njia ya saruji wanayopita kina mama.

Tulianza kunong'onezana. Mlinzi wa getini, Falesi, alisema mzee ameanza pombe. Nikamnusa, Mungu anisamehe, nikamnusa mara kadhaa nikijifanya namsaidia kuvaa koti: hakuna kitu. Mpishi akasema amerogwa. Mji wetu una sifa zake huko nje, na watu wa kwetu wakiishiwa maelezo hawaendi mbali kuyatafuta. Mimi sikuamini la pombe wala la kurogwa, lakini sikuwa na la kwangu la kuweka mahali pake. Nilikuwa nakunja tu mpira nyuma yake, nikiurudisha kwenye rimu kabla mtu hajaona.

Siku ambayo sikuuwahi mpira, alianguka Mwanaidi.

Mwanaidi alikuwa mama kijana kutoka Kipili, huko ziwani. Wanawake wa mbali kama yeye huja mapema na kukaa katika ile nyumba ya wajawazito hadi siku zao zitimie, ndiyo maana wanapenda kutembea bustanini; hawana kingine cha kufanya. Alikuwa anatoka kuanika kanga. Mguu ukanasa kwenye mpira. Nilimwona akienda chini, mikono mbele, na sauti iliyotoka kwangu sikujua kama ni yangu. Wauguzi wakamchukua. Tukakaa nje, mimi na Mzee Nikodemu, kwenye benchi la wagonjwa.

"Kuna nini?" akaniuliza.

"Mama mmoja kaanguka, baba. Kajikwaa kwenye mpira."

"Nani kaacha mpira njiani?"

Nilimtazama. Hakuwa anakwepa. Alikuwa amekasirika kwelikweli, kwa ajili ya yule mama, na anataka kumjua huyo mzembe. Nikasema sijui.

Mwanaidi akatoka salama, na mtoto alikuwa salama tumboni, goti tu lilichubuka. Lakini Sista Yustina, msimamizi wetu wa wakati huo, aliniita ofisini. Alikuwa mtu mpole asiyejua kupandisha sauti, na siku hiyo aliishusha zaidi.

"Mama Leokadia," alisema, "Mzee Nikodemu amekuwa hapa kabla yangu na kabla yako. Sitaki kumwondoa. Lakini mpira ukilala njiani tena, nitamrudisha nyumbani. Nisaidie."

"Nitamsaidiaje, Sista? Mimi mwenyewe sijui ana nini."

"Hata mimi sijui. Lakini njia lazima iwe wazi."

Aliyeleta wazo alikuwa Zabroni, fundi bomba wetu. Alisema aliwahi kuona hotelini, huko Mbeya, mpira unaokaa ndani ya kasha. Unauvuta unapoutaka, ukimaliza unauvuta tena kidogo, wenyewe unarudi ndani. "Wenyewe, dada," alisema. "Hakuna cha kukumbuka kukunja."

Hakuna cha kukumbuka! Nikaona mbingu zimefunguka. Kama mpira utajikumbuka wenyewe, mzee akisahau kuna hasara gani? Nilimwendea Sista mbio. Akakubali, akatutuma mimi na Zabroni mjini tukachague.

Sasa mtaona kwa nini jibu langu limekuwa refu. Nilikuwa nadhani ni kitu kimoja, unaingia dukani, unakitaja, unapewa. Kwanza hatukujua kinaitwaje. Mwenye duka alikiita rola. Msaidizi wake alikiita rili. Zabroni alisema hotelini walikiita boksi la mpira. Tukaonyeshana kwa mikono mpaka mteja mmoja akadhani tunatafuta mashine ya kukamulia miwa. Hatimaye mwenye duka akatuletea vitu vitatu, akavipanga sakafuni, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi.

Cha kwanza kilikuwa na mkono wa kuzungusha. "Hiki ni imara," alisema mwenye duka. Nikamwambia kwamba hicho kinahitaji mtu akumbuke kuzungusha. Nikiwa na mtu huyo sina haja ya mashine. Cha pili kilijikunja kwa nguvu ya maji yenyewe, lakini kinahitaji maji yenye msukumo mkubwa, na tena kinatema maji pembeni kinapojikunja. Maji yetu yanatoka kwenye tangi lisilo juu sana, na kuna siku yanatoka kama machozi ya mtu asiyehuzunika. Cha tatu kilikuwa cha springi. Ukivuta mpira unaikaza, ukiuachia springi inaurudisha.

"Mpira wake unafika wapi?" niliuliza.

"Mbali."

"Mbali ya wapi?"

Akacheka. Zabroni akasema tuutandaze nje tuone. Tukautandaza mbele ya duka, pikipiki za bodaboda zikisimama kutungoja, tukalinganisha na kamba tuliyokuwa tumepimia bustani. Hapo angalau nilikuwa na akili: mpira usiofika mwisho wa kitalu ni kero ya kila siku, na mrefu mno kwa springi ndogo haurudi wote. Zabroni akaangalia unene wake na kinywa chake kama kinaingia kwenye koki yetu. Hakikuingia, ikabidi tununue kiungio. Nikauliza kama kasha linageuka kufuata mtu anakokwenda, au linatazama upande mmoja kama sanamu. La springi liligeuka. Nikasema hilo.

Nilichagua kwa sababu hizo, na zote zilikuwa sahihi. Zabroni aliniambia hivyo wakati ule, na ukimuuliza leo atakwambia vilevile.

Kulifunga ilikuwa vita. Zabroni alitoboa ukuta wa jiko, palepale lilipokuwa rimu, maana nilitaka kitu kilale kilipoamkia. Tofali zetu ni za kuchoma lakini katikati yake ni udongo. Mvuto wa kwanza tu bolti zikatoka na kipande cha ukuta. Ikabidi tuchimbie nguzo nene ya mkaratusi upande wa pili wa njia, tuimwagie zege chini, ndipo kasha likafungwa hapo, usawa wa kiuno. Rimu tukalitupa stoo. Sikulifikiria lile rimu hata kidogo.

Sasa kulitumia. Ukivuta, unasikia ndani mlio, kak-kak-kak, kisha kimya, kisha tena kak-kak-kak. Ukisimama wakati wa mlio, mpira unashika hapo ulipo, hauendi popote. Ukisimama wakati wa kimya, unarudi, na wewe umeushika. Ukitaka kuukunja, unavuta kidogo kupita mlio, ndipo unaachia. Lakini usiuachie uende peke yake, tembea nao huku umeushika, maana mwishoni pana kichwa cha shaba cha kunyunyizia na kinakuja kwa kasi. Funga koki kwanza, toa maji yaliyobaki. Siku ya baridi kali usiuharakishe. Hayo nayaandika kwa mistari michache, lakini sisi tulijifunza kwa juma zima la kuvutana. Sista Yustina alijaribu mara moja, mpira ukamponyoka, ukapita nyasi zote ukiyumba na kujifungia ndani ya kasha kwa kishindo. Akafanya ishara ya msalaba. Wapishi wakalipa lile kasha jina la Kobe, kwa namna linavyorudisha kichwa ndani. Jina limeganda, ninyi mmelikuta.

Na njia ikawa wazi. Kina mama walipita na ndoo zao na matumbo yao, hakuna kilicholala chini. Nilifurahi asubuhi moja.

Asubuhi ya pili Mzee Nikodemu alinijia mbio, kofia mkononi, akiniita kwa jina langu alilolifupisha. "Leka! Mpira umeibwa!"

"Haujaibwa, baba. Umo humu." Nikamshika mkono, nikampeleka kwa Kobe, nikavuta, mpira ukatoka. Akautazama. Akalitazama kasha. Akazunguka nyuma ya nguzo kuona unatokea wapi.

"Nani kauweka humo?"

"Sisi, baba. Jana wewe ulikuwapo."

Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa habari za ukoo asioufahamu. Kesho yake akaja tena mbio. "Leka, mpira umeibwa." Kila asubuhi. Alikwenda kwanza kwenye ukuta wa jiko, akapapasa mahali pa rimu, akakuta pengo la tofali, na hapo mshtuko ulimpata upya kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Siku moja alimkaba Falesi getini, akimtaka autoe mpira wa masista. Falesi, aliyekuwa akisema mzee ni mlevi, alikuja kwangu machozi yakimlengalenga. "Mama Leka, yule mzee ndiye aliyenitafutia kazi hii. Leo kaniita mwizi mbele ya wagonjwa."

Alipofaulu kuuvuta mambo hayakuwa mepesi. Alisimama penye kimya badala ya penye mlio, na mpira ukaanza kumvuta. Hakuachia. Alikaza miguu, akauvuta, mpira ukamvuta, na akaanza kusema nao kwa Kifipa, kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza ng'ombe. Kila akichoka sana akili alikihama Kiswahili. Nikakimbia kumsaidia, lakini akili yake ilikuwa tayari imekwenda kwingine, na mkono ukafunguka. Kichwa cha shaba kilimpiga kwenye muundi wa mguu.

Nilimkalisha, nikamfunga kitambaa. Damu haikuwa nyingi. Aliniangalia nikifunga, kisha akasema kwa Kiswahili safi, taratibu:

"Leka, mwanangu. Kwa nini mnanificha vitu?"

"Hatukufichi, baba."

"Mnanificha. Rimu mmeficha. Mpira mnauficha kila siku. Kama mnataka niondoke, niambieni. Mimi ni mtu mzima."

Kila nilichokifanya nilikifanya ili asiondoke, na yeye alikuwa amekaa mbele yangu amekusanya ushahidi wote, ameupanga vizuri, na ukiutazama kutoka alipokaa yeye, ulikuwa kweli. Nilijisikia kama mtu aliyeingia nyumba yake mwenyewe akakuta milango imehamishwa.

Nilimweleza Sista yote, hata lile la kukunja mpira nyuma yake kwa siri, hadi siku niliyochelewa Mwanaidi akaanguka. Akaniuliza, "Kwa nini hatukumpeleka kwa daktari tangu mwanzo?" Tulikuwa tunashinda hospitalini kila siku. Tulikwenda mjini kutafuta springi, na madaktari walikuwa ng'ambo ya ua wa michongoma.

Tukampeleka. Daktari alikuwa kijana, mpole. Mimi na mke wa mzee, Mama Petronila, tulikaa pembeni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, leo ni siku gani?"

"Wewe huijui?"

"Naijua, baba."

"Sasa unaniuliza ya nini?"

Daktari akageuka kututazama, nadhani alikuwa anatuomba msaada. Mama Petronila akafunika mdomo kwa kanga. Baadaye daktari alitueleza kwamba ni maradhi ya kusahau yanayowapata baadhi ya wazee. Si pombe, si mtu aliyemroga, na hayarudi nyuma. Dawa yake hakuna ya kuponya. "Msimbadilishie vitu," alisema. "Kile alichokizoea kwa mikono kinakaa muda mrefu. Kipya hakiingii."

Mama Petronila akasema, "Nyumbani anavijua vyote. Nilidhani huku kazini ndiko mnakomchosha."

Nami huku nilidhani ni nyumbani.

Nililala na maneno ya daktari. Niling'oe lile kasha? Kina mama watajikwaa. Niliache? Mzee ataibiwa mpira kila asubuhi mpaka achoke kuishi. Nikamuuliza Zabroni, akasema tufunge rimu la uongo ukutani, bila mpira. Nikamwambia huko ni kumfanyia mchezo mtu mzima. Nikamuuliza Sista, akasema atasali, na alipomaliza kusali akaniuliza mimi nimefikia wapi.

Kilichotokea hakikuwa hekima, kilikuwa macho tu. Siku moja Mzee Nikodemu alikuja asubuhi, na kabla hajafika kwenye ukuta wa jiko, akaona keni ya kumwagilia chini ya koki. Ilikuwa mahali pake. Hatukuwa tumeihamisha. Akainama, akaijaza, akaenda zake kumwagilia, hana wasiwasi, hana mwizi. Aliimwaga yote kwenye kabichi, akarudi, akaijaza tena, akaimwaga palepale. Nilisimama nikamtazama kwa muda mrefu.

Keni haikuwa tatizo. Kabichi ndizo zilikuwa tatizo, maana zilikuwa zinaoza kwa maji. Basi nikazing'oa. Bondeni kwa watu nikaomba vichipukizi vya magimbi, nikapanda kile kitalu chote, kilicho mbali na njia, karibu na koki. Gimbi hulishindi kwa maji. Limwagilie asubuhi, limwagilie tena umesahau, limwagilie mara ya nne. Linatanua jani tu. Mimi nikabaki na Kobe na upande mwingine wote wa bustani, na Mzee Nikodemu akabaki na keni yake na magimbi.

Alifanya kazi pale msimu ule wote na kipande cha uliofuata. Siku za mwanzo alipita bado ukutani kupapasa. Kisha akaacha, nadhani hata rimu lilikuwa limemtoka. Hakuna aliyeitwa mwizi tena. Kuna asubuhi alinikuta navuta mpira kutoka kwa Kobe, akasimama kutazama ukitoka, ukitoka, ukitoka. "Masista wana vitu vya ajabu," akasema, akaenda kujaza keni. Magimbi yakawa makubwa kiasi cha kutia aibu. Jikoni waliyachoka.

Alipoanza kupotea njia ya kurudi nyumbani, Mama Petronila alikuja kumchukua moja kwa moja. Alikuja na gari dogo la kukodi, akakunja nguo zake za kazi, akaniambia, "Asante, mwanangu, kwa kunitunzia." Mzee alipanda mbele kwa heshima, kama mgeni rasmi. Hakuaga, maana hakujua kwamba anaondoka.

Nilichelewa kwenda Mollo kumwona. Nilijiambia ni kazi. Kwa kweli niliogopa, na sikujua hasa ninachoogopa. Nilikwenda baada ya mavuno. Ulezi ulikuwa umeanikwa uani juu ya turubai, Mama Petronila anapepeta, na mzee amekaa kwenye kigoda kivulini mwa nyumba, kofia yake ya sufu kichwani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Karibu." Aliniangalia kwa wema, na hakukuwa na kitu nyuma ya ule wema. "Umetoka wapi?"

"Natoka mjini, baba. Kule hospitali ya masista. Nafanya kazi bustanini."

Uso wake ukachangamka. Akaegemea mbele. "Bustanini? Huko kuna mzee mmoja, anaitwa Nikodemu. Unamfahamu?"

Ungo wa Mama Petronila ukanyamaza.

"Namfahamu," nikasema. "Ndiye aliyenifundisha kazi."

"Haendelei vibaya?"

"Anaendelea vizuri, baba. Bado anamwagilia."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia habari za rafiki mkaidi. "Mwambie apumzike," akasema. "Yule mtu amefanya kazi sana. Mwambie mimi nimesema, inatosha."

"Nitamwambia, baba."

"Usisahau."

"Sitasahau."

Akaridhika. Akamgeukia mkewe, akamwambia mgeni ametoka mbali, apewe uji.